Maleba na Mandhari ya Yasmin katika Filamu ya Vuta N'kuvute

Wahakiki wa drama huyaita mavazi ya mhusika maleba, na aghalabu huyatengea aya moja tu, dhamira na wahusika wakiisha kujadiliwa. Kwa filamu ya Vuta N'kuvute (2021), iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, mpangilio huo hautoshi. Unguja ya miaka ya 1950 mtu alisomwa kwa nguo yake kabla hajafungua kinywa.

Riwaya inatukutanisha na Yasmin, binti wa Kihindi, akiwa ameshaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi mno umri. Filamu imelihamisha tukio: Denge, mpigania uhuru, anakutana naye usiku, akiwa njiani kwenda kuolewa. Badiliko hili si dogo. Mahali pa bibi harusi ni ndani, miongoni mwa wanawake; kumweka njiani, gizani, ni kuipindua ishara kabla hadithi haijaanza.

Kisha kuna Ng'ambo, anakoishi Mwajuma, shoga yake Yasmin. Jina hilo lina maji ndani yake: ni upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga majumba ya mawe na nyumba za udongo na makuti. Mkono huo ulifukiwa. Daraja halipo, Darajani ipo. Yasmin anapohamia huko anavuka mpaka wa tabaka na wa rangi, na jamaa zake wanalielewa hilo vizuri kuliko watazamaji wengi.

Hapa ndipo fasiri nyingi hupotoka. Huonwa buibui, ikasemwa ni kifungo. Ikaonwa kanga, ikasemwa ni uhuru. Historia ya Unguja haikubali. Kabla utumwa haujafutwa kisheria mwaka 1897, mjakazi alivaa merikani au kaniki, na kujifunika kichwa hakukuwa haki yake. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza namna wanawake hao na binti zao walivyojinunulia kanga, na baadaye wakajitanda buibui, vazi la waungwana. Buibui, basi, lilikuwa dai la heshima. Kwa wanawake wa Ng'ambo ni kitu kilichopatikana kwa taabu. Kwa Yasmin, ambaye nasaba yake haikumtaka alidai, nguo hiyohiyo ni ya kuazima: inamficha kwa jamaa waliomkataa, na kumwingiza kwa watu ambao bado wanampima.

Filamu hii ilipoonyeshwa Toronto mwaka 2021, maneno ya Denge na Yasmin yangeweza kufasiriwa chini ya picha. Nguo haina fasiri ya namna hiyo. Mtazamaji wa Unguja, akiona kanga, kwanza hutafuta jina lake, na pili hutazama limeelekezwa kwa nani.