Jina la Chuo na Wenye Kulibeba

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Maisaka, Babati)



Tangu asubuhi nasikia ubishi huko chini ya miti. Chuo cha Uhasibu Arusha kimekwisha kuwa na kampasi yake hapa Babati, na sasa watu wanaulizana: siku chuo kikuu nacho kikijenga huku Maisaka, kampasi hiyo iitwe nani? Mmoja anataka jina la kiongozi, mwingine la tajiri, mwingine Kwaraa, kwa ajili ya mlima wetu. Nimeombwa niseme neno. Sisi watumishi wa Serikali tumezoea kusubiri waraka kwanza, lakini hapa ni nyumbani.

Nianze na aibu yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilisoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kwa muda nililala Mazimbu, katika Kampasi ya Solomon Mahlangu. Jioni moja mama mmoja, mgeni kutoka Afrika Kusini, alinisimamisha njiani akitafuta makaburi ya wapigania uhuru waliozikwa pale. Nikamwonyesha. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu Mahlangu unamfahamu?" Nikajibu, bila hata kusita, kwamba alikuwa profesa. Yule mama hakucheka. Alisema tu, "Alinyongwa akiwa na miaka 22." Mimi mwaka ule nilikuwa na miaka 23, na jina hilo nilikuwa nikiliandika kwenye barua zangu za nyumbani.

Ndipo nilipokwenda kuuliza. Mazimbu lilikuwa shamba la katani lililoachwa. Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, Serikali yetu iliwapa ANC ardhi hiyo wajenge shule ya vijana wao waliokimbia. Mahlangu aliondoka kwao mwaka huo huo wa 1976. Alirudi na silaha mwaka 1977, akakamatwa, akahukumiwa kifo ingawa si yeye aliyefyatua risasi zilizoua. Wakamnyonga Pretoria tarehe 6 Aprili, 1979, na shule ikapewa jina lake. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Serikali yetu, na jina likabaki pale pale. Kwa hiyo jina lile ni hati ya kile walichotoa Watanzania wakati wenyewe walikuwa na kidogo sana. Na mimi, niliyelala ndani yake, nilidhani ni la profesa!

Hata Sokoine mwenyewe sina hakika kama vijana hawa wanamfahamu. Alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, karibu na Morogoro, tarehe 12 Aprili, 1984, akiwa Waziri Mkuu, na mwaka huo huo Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa chuo kikuu chenye jina lake. Wazee wetu humu wanamkumbuka. Babati enzi hizo ilikuwa Mkoa wa Arusha, naye alikuwa mtu wa Monduli. Lakini siku hizi watu wanasema "Sua" basi, na Sokoine amebaki herufi moja.

Midomo ya watu ina sheria zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huitwa Mlimani, na Kampasi ya Solomon Mahlangu watu wa Morogoro huiita Mazimbu. Chuo cha Mzumbe kilipokuwa chuo kikuu mwaka 2001 kilibaki na jina la mahali, na sijasikia aliyelalamika. Mkoa wetu wenyewe, uliozaliwa mwaka 2002, una jina la ziwa, na ziwa jina lake latokana na neno la Kimaasai la mnyaa, mti wa kuzungushia ua wa boma. Mti tu, ndugu zangu.

Kwa hiyo mimi ni wa Maisaka. Kampasi ikija itakula mashamba ya mahindi na mbaazi. Wenyewe watalipwa fidia, na fidia huisha. Baada ya miaka 30 kitakachoonyesha kwamba hapa palikuwa na watu ni jina la mahali pao. Tukilifuta tukaweka la mkubwa, tutakuwa tumewachukulia mara mbili. Najua Katavi wana kampasi yenye jina la Waziri Mkuu mstaafu ambaye angali hai. Hayo ni yao, nami nina mwajiri.

Wengi wakitaka jina la mtu, sitagoma. Nitaomba liwe la marehemu, na siku ya kwanza wanafunzi wapya wasimuliwe habari zake kabla ya kupewa funguo za vyumba. Pia ziandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao langoni, ili mgeni akiuliza njia, hata muuza mahindi wa pale aweze kumjibu.

Naona wapishi wananitazama.