Ukilinganisha Shule, Uliza Zaidi ya Alama

Msikilizaji, mzazi wa Ruiru unayemtafutia mwanao nafasi ya Gredi ya 7 katika shule ya umma, usianze na wastani wa alama. Wastani huo hubeba kipato cha nyumbani na masomo ya ziada, kwa hiyo hausemi shule yenyewe imeongeza nini. Tangu sekondari msingi ianze mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, shule nyingi zimelia uhaba wa walimu na maabara. Uliza basi nani anafundisha sayansi, na majaribio hufanyiwa wapi. Utasema alama angalau ni namba. Kweli, ila linganisha za wanafunzi walewale walipoingia na wanapomaliza Gredi ya 9. Mwalimu mkuu asiyeweza kukuonyesha ulinganisho huo amekwisha kukujibu.