Mwezi wa Kuchoma Nyasi

Leo tunazungumzia moto wa nyika. Historia ya nchi hii haieleweki mpaka tuulize nani aliuwasha, na mwezi gani.

Nyasi zikichomwa Mei au Juni, bado zina ubichi. Moto hutambaa, huacha mabaka, na miti mingi hubaki. Zikiachwa mpaka Septemba au Oktoba huwa zimekauka kabisa, na moto wake huua vichaka na miche pamoja. Anayepanga mwezi wa kuchoma ndiye anayeamua miti ipone au ife.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki. Malisho yakakosa wa kuyala, vichaka vikasonga, na mbung'o wakafuata na nagana kwa mifugo, malale kwa watu. Mwingereza Charles Swynnerton, aliyefika Tanganyika 1919 kusimamia wanyamapori, aliifanya Shinyanga kituo cha kupambana na mbung'o. Silaha yake ilikuwa moto wa kuchelewa. Watemi, yaani machifu, waliwazuia watu wao wasichome mapema; nyasi zikangojwa zikauke, kisha zikawashwa kwa mpango. Na tusiwasahau maelfu ya Wasukuma waliotoka na mashoka na mapanga kufyeka vichaka. Kazi hiyo ilikuwa ya mikono yao, ingawa vitabuni jina linalotajwa zaidi ni la Swynnerton.

Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka. Ufyekaji uliendelea, pamba ikapanuka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu wakaziacha ngitili zao, zile sehemu za malisho zinazofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga iliitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ukairudia ngitili ya wazee. Hapo hesabu ya moto ikageuka: ngitili ikiungua, ng'ombe wamekosa chakula cha kiangazi, kwa hiyo vijiji viliweka sheria za kuzuia moto. Ngitili zilizorudishwa zilipita hekta 300,000.

Serengeti nako kuna ushahidi kwamba wala nyasi huupunguza moto. Sotoka, iliyowaua nyumbu pia, ilipoisha miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni 1 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi, moto ukapungua, miti ikarudi. Kagongwa ya leo, huko Kahama, penye mpunga, barabara na mifugo kila upande, nyasi za kuungua ni chache vilevile, lakini miti haikurudi kwa kasi ile. Nionavyo mimi sababu ni mkaa, unaohitajiwa na miji iliyokua pamoja na migodi. Moto mkubwa umesogea magharibi, kwenye mapori ya upande wa Kigosi, wanakopita warina asali, wawindaji na wafungua mashamba. Satelaiti zinaonyesha mwelekeo huohuo wa moto kupungua kwa dunia nzima: kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua kila mwaka lilipungua kwa takriban robo, hasa kwenye nyika zilizogeuzwa mashamba.

Babu na bibi mnaotusikiliza, mnaokumbuka Kagongwa kabla ya Operesheni Vijiji, tuleteeni habari: kwenu nyasi zilichomwa mwezi gani, na nani aliyetoa ruhusa? Kipindi kijacho tutazisoma hewani.