Programu Nazo Zipange Foleni



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi za kompyuta, hasa kwa faida ya vijana wanaoanza kuandika programu. Sitaisifu kompyuta kwa jumla, kwani sifa hizo mmezisikia mara nyingi. Nitachukua kazi moja ndogo niieleze. Una programu kubwa, nawe wataka watumiaji wake waiongezee mambo yao kwa kuandika skripti, na skripti hizo ziweze kuomba habari kutoka intaneti. Mlango huo utaufunguaje bila kuwasumbua wenye habari hizo?

Tuchukue lugha ya Lua. Jina lake ni neno la Kireno, maana yake mwezi. Ilitungwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil, na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Ni lugha ndogo, iliyokusudiwa kukaa ndani ya programu nyingine kama mgeni nyumbani mwa mtu. Yenyewe haina amri ya kwenda intaneti. Huipata tu ikiwa programu mwenyeji imekubali kuipa. Basi anayeandika programu mwenyeji ndiye bawabu, apende asipende.

Huko nje nako kuna wenyewe. OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, nayo huchorwa zaidi na watu wa kujitolea. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa Dar es Salaam waliingiza mitaa na mifereji yao katika ramani hiyo kwa mradi wa Ramani Huria, ili kupambana na mafuriko. Ramani hiyo ina huduma iitwayo Nominatim: ukiipa jina la mtaa, hukuonyesha mtaa huo uko wapi. Haitozi hata senti, lakini ina masharti. Maombi yasizidi 1 kwa sekunde, nayo huhesabiwa kwa watumiaji wote wa programu yako pamoja. Programu ijitambulishe. Majibu yahifadhiwe, yasiulizwe tena na tena. Anayekaidi aweza kufungiwa.

Kijana akiandika skripti ya kutafuta mitaa 300, kompyuta itayatuma maombi hayo mbio kadiri mtandao unavyoruhusu. Kwa utaratibu, kazi hiyo ingechukua dakika 5 tu. Na madhara ya haraka hayampati yeye peke yake. Katika shule nyingi kompyuta zote hutoka nje kwa anwani moja. Seva ya mbali haimjui nani ni nani, huiona anwani. Ikiifunga, imewafungia wote, hata mwalimu wa Jiografia anayetayarisha somo la kesho.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, kikomo kikae kwa mwenyeji, kisiachwe mikononi mwa skripti. Wengine huona inatosha kumwagiza kila mwandishi asubiri sekunde moja baada ya kila ombi. Lakini skripti mbili zikienda pamoja, kila moja ikatii agizo hilo, seva ya mbali itapokea karibu maombi 2 kwa sekunde. Wote wametii, na sharti limevunjwa. Skripti iruhusiwe kupunguza mwendo, isiruhusiwe kuuzidisha.

Pili, kwa kila seva ya mbali iwepo hesabu moja inayojumlisha skripti zote. Mfikirieni kiranja wa zamu mlangoni mwenye vibali mkononi. Kila sekunde huletewa kibali 1. Anayetoka huchukua kimoja; vikiisha, watu hupanga foleni. Viranja wawili wasiosemezana watatoa vibali mara mbili. Ndiyo maana, shule ikiwa na kompyuta 20, maombi hayo yote yapitie kompyuta moja inayotunza hesabu.

Tatu, kungoja kwa mmoja kusiwasimamishe wengine. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2003, Lua ina korutini, yaani uwezo wa kusimamisha kazi katikati na kuiendeleza baadaye pale pale ilipoachwa. Kibali kikikosekana, mwenyeji huilaza skripti hiyo peke yake, kikipatikana, huiamsha. Mwandishi wa skripti huona amri moja tu: naomba, napokea.

Nne, seva ikisema imechoka, isikilizwe. Namba 429, iliyowekwa katika kanuni za mtandao mwaka 2012, maana yake maombi yamezidi. Pengine huja pamoja na muda wa kungoja. Mwenyeji aungoje muda huo bila ubishi, na kama kazi imeshindikana aiambie skripti waziwazi, asiirudishie jibu tupu.

Najua kijana mmoja atauliza: je, huku si kunyimana uhuru? Nami namjibu hivi. Skripti isiyo na kiranja, mwenye programu huiogopa, na mwisho huinyima mlango kabisa. Penye kiranja, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuachiwa aandike skripti yake apendavyo, akikosea asimwumize mtu.

Nawashauri mlio katika chama cha kompyuta mjaribu jambo hili kwanza kwa seva yenu wenyewe hapa darasani. Anzisheni skripti 10 kwa pamoja, mhesabu maombi yanayofika kila sekunde. Yakizidi kiwango mlichoweka, rudini mkatazame kiranja wenu mmemweka wapi.