Majibu ya Maabara Yarudi Singida

Hotuba za Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, inayoadhimishwa kila Agosti 31, zimekwisha kusikika, na waganga wamesifiwa tena kwa kuhifadhi urithi wa mababu. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba sifa zimefika Singida, lakini majibu ya maabara hayajafika.

Utafiti upo, kwani taasisi ya tiba asilia iliyopo Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Katika maabara, stafilokokasi, yaani bakteria wanaosababisha majipu na usaha wa vidonda, huoteshwa kwenye kisahani, kisha huwekwa juu yao kijikaratasi kilicholowekwa dawa iliyokamuliwa kwenye mmea kwa maji au spiriti. Kesho yake, pete safi isiyoota kitu ikionekana kukizunguka, hujulikana kwamba mmea huo unazuia bakteria. Mwarobaini na mshubiri, mimea isiyo migeni Iramba wala Manyoni, imekwisha kutoa pete hizo.

Hata hivyo, pete ya kisahani si kupona kwa kidonda. Mganga huchemsha gome kwa maji, ilhali spiriti ya maabara huvuta kemikali nyingine. Kipimo kinachoua bakteria chaweza kuunguza ngozi, na dawa iliyochanganyika na udongo yaweza kuingiza pepopunda jerahani. Haya mganga anastahili kuelezwa, tena kwa Kiswahili, lakini majibu hayarudi. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili waganga, na hilo ni jema. Lakini mganga aliyesajiliwa bila kuelezwa matokeo hubaki akikisia, na majibu hayarudi. Wakati huohuo usugu wa vimelea, yaani bakteria kuzoea dawa za dukani, unaongeza haja ya dawa mpya. Tena gome halichunwi bila gharama: katika vichaka vya Itigi mti uliochunwa gome kuuzunguka shina hukauka.

Basi warudi! Watafiti warudi na matokeo, hata yale yanayosema mmea fulani haufai. Halmashauri ziite mikutano ya vijiji. Mwenye jipu na homa awahi zahanati leo, asisubiri mti wowote. Nao waganga wa Singida wasikae kimya: kila mtafiti anayekuja na mfuko wa kubebea magome aulizwe kwanza majibu ya mfuko uliotangulia.