Kutoka Cheti hadi Shahada ya Uuguzi: Ruhusa ya Masomo Bila Mtu wa Kushika Zamu

(Mada ya semina ya wauguzi na wakunga, Macalder, Kaunti ya Migori)



1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi muuguzi wa cheti anavyoweza kufika shahada. Njia ipo kisheria na vyuo vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kushika zamu muuguzi akienda kusoma.

2. Ngazi zenyewe

Hapa nitapita haraka. Muuguzi wa cheti hujiendeleza hadi diploma, na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) kina matawi Migori na Homa Bay. Shahada ya moja kwa moja huchukua miaka minne, na mwenye diploma hupunguziwa muda. Baraza la Wauguzi la Kenya husajili kila ngazi chini ya Sura ya 257 ya Sheria za Kenya. Katika utumishi wa umma, mwenye diploma huanzia kundi la kazi H, mwenye shahada kundi K.

3. Kikwazo kikuu: nani atabaki?

Tuchukue dispensari ya kando ya Mto Kuja yenye nesi mmoja. Asubuhi anasoma kipimajoto cha friji ya chanjo na kukiandika, anapima wajawazito, anasafisha vidonda vya vijana wa machimbo ya dhahabu, anatoa dawa za ARV. Usiku mama akiletwa kwa bodaboda uchungu umeshika, ni yeye tena: kila nusu saa anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuyatia alama kwenye chati. Muuguzi huyu akipata nafasi chuoni, akienda kituo kinafungwa. Asipoenda, nafasi inapita.

Ombi lake hupanda kutoka kituoni hadi kaunti ndogo, kisha makao makuu ya kaunti. Nimeona maombi yakikaa hadi muhula unaanza. Simlaumu anayesita kutia sahihi, kwani hakuna msimamizi anayetaka mama mjamzito akute kufuli. Lakini tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mwajiri ni kaunti, na suala la mbadala haliwezi kuachiwa muuguzi alitatue mwenyewe kwa kumbembeleza mwenzake.

Tutaambiwa tusome kwa mtandao. Mwaka 2005 shirika la Amref na Baraza la Wauguzi walianzisha mafunzo ya namna hiyo, wakilenga wauguzi wa cheti wapatao 20,000 wapande hadi diploma bila kuacha kazi. Ulikuwa mpango wa busara, maana chuo kilimfuata muuguzi alipo. Hata hivyo, masomo ya mtandao nayo yana mafunzo ya vitendo katika hospitali zilizoidhinishwa, chini ya msimamizi. Kuzalisha peke yako kijijini, hata uwe hodari namna gani, hakuhesabiwi. Mtandao umepunguza nauli. Mtu wa zamu bado hatujampata.

Matokeo yake, wengine hukesha zamu ya usiku na kuingia darasani asubuhi. Muuguzi asiyelala ni hatari kwa mgonjwa, na jambo hili tusilisifu kama bidii.

4. Mapendekezo

(i) Kaunti za Migori na Homa Bay ziwe na kikosi kidogo cha wauguzi wa akiba wa kujaza nafasi za walio masomoni.
(ii) Ratiba ya ruhusa za masomo itolewe kila mwaka, kituo kwa kituo, ili zamu zipangwe mapema.
(iii) Kila ombi lijibiwe kwa maandishi kabla ya muhula kuanza.
(iv) Vituo vya muuguzi mmoja viongezewe wa pili, kwani bila huyo ruhusa ni maneno matupu.
(v) Vyuo na Baraza vishirikiane kuidhinisha hospitali nyingi zaidi za karibu kwa mafunzo ya vitendo.
(vi) Aliyehitimu shahada abadilishiwe cheo bila kungoja miaka.
(vii) Anayesomeshwa atie sahihi mkataba wa kurudi kuhudumia kaunti.
(viii) Bajeti ya mafunzo iwe na fungu la mbadala, si karo peke yake.

5. Hitimisho

Wauguzi wetu wana ari ya kusoma na sheria inawaruhusu. Nawaomba maafisa mlioko hapa mwanze na pendekezo la kwanza katika bajeti ijayo. Bila mtu wa kushika zamu, yale mengine saba hayatamfikisha nesi wa dispensari chuoni.