Kungoja Figo si Kufungiwa Nyumbani

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa jamaa za wagonjwa wa figo, mjini Garissa

 

Mambo ya kitaalamu nawaachia madaktari walio hapa. Mimi nitawasimulia safari moja ya mpira.

Kuna kijana, mwanafunzi wa chuo hapa mjini, ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi. Ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Kila Jumatatu na Alhamisi hulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa takriban saa nne, huku akingoja kupandikizwa figo. Kabla ya kuugua alikuwa beki wa timu ya chuo. Timu ilipopata mechi ya ugenini kule Thika, aliomba aende kuishangilia. Mama yake akakataa katakata: mgonjwa haendi mpirani.

Hofu ya mama ilikuwa na msingi. Thika ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na joto la njiani mnalijua. Figo zikishindwa kutoa mkojo, maji anayokunywa mtu hubaki mwilini hadi siku ya mashine. Yakizidi, huingia mapafuni, naye akakosa pumzi. Hata hivyo, kijana hakubishana na mama. Walikwenda pamoja kumwona muuguzi wa kitengo cha figo, wakapanga.

Mechi ilikuwa Jumamosi. Alisafishwa damu Alhamisi, akasafiri Ijumaa, akarudi Jumapili, na Jumatatu alikuwa kwenye mashine kama kawaida. Hakukosa hata siku moja. Alibeba dawa zake, chupa ndogo ya maji aliyopimiwa, na karatasi yenye maelezo ya matibabu yake. Alijua pia hospitali ya kukimbilia endapo angezidiwa akiwa Thika.

Nilikuwa kwenye basi hilo kwa ajili ya kuandika habari za mechi. Tuliposimama Mwingi, wachezaji waligawana ndizi na tende. Wakamsihi, "Kula upate nguvu." Akawaeleza kwamba vyakula hivyo vina potasiamu nyingi. Figo nzima huitoa, lakini kwake hurundikana katika damu na inaweza kusimamisha moyo ghafla. Wengi wetu hatukujua. Mara ngapi tumemkaribisha mgonjwa tende na maziwa kwa mapenzi, kumbe tunamdhuru?

Ndipo binamu yake, ambaye ni mchezaji, akamwuliza, "Na hiyo figo unayongoja itatoka wapi?"

Akajibu, "Kwenu."

Basi zima likanyamaza.

Ndugu zangu, huo ndio ukweli. Hapa Kenya, figo zinazopandikizwa hutolewa na watu walio hai, hasa jamaa wa mgonjwa. Anayengoja anatungoja sisi. Mtu mzima mwenye afya njema anaweza kuishi vizuri kwa figo moja, lakini lazima kwanza apimwe kundi la damu, shinikizo la damu, sukari na hali ya figo zake. Upandikizaji hufanywa katika hospitali kama ya Kenyatta, Nairobi, na ya Moi, Eldoret. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya maandishi, na kuuza figo ni kosa. Asishurutishwe mtu, wala asinunuliwe.

Wanaouliza kuhusu dini, wakae na masheikh wetu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti maalumu.

Wapenzi wa mpira watamkumbuka Ivan Klasnić wa Croatia. Mwaka 2007 alipewa figo na mama yake, mwili ukaikataa. Baba yake akatoa ya pili, ikakubali. Mwaka 2008 alifunga bao dhidi ya Poland katika Kombe la Ulaya.

Vijana wetu walifungwa mabao mawili kwa moja. Yule kijana aliketi pembeni, mbali na msongamano, akilinda mkono wenye mshipa wa mashine, na alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake alipompokea Jumapili jioni, aliniambia hajamwona akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo jamaa watatu wamejitokeza kupimwa. Mmoja amekutwa na shinikizo la damu. Hawezi kutoa figo, lakini ameanza matibabu kabla figo zake mwenyewe hazijaharibika. Wawili bado wanaendelea na vipimo. Binamu ni mmoja wao.

Kijana bado anangoja. Ukiwa na mgonjwa kama yeye nyumbani, usimfiche. Nenda naye siku ya mashine, muulize muuguzi anachoweza kula, kunywa na kufanya. Na ukiwa tayari, uliza pia habari za kupimwa wewe mwenyewe.